Hasara ya gazeti analipa nani?

Ndugu Mhariri,

Salaam nyingi kutoka huku Pittsburgh, na naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua nitakuwa mrefu lakini nivumilie maana hii ishu nimeishika kwa mikono yangu, sijasimuliwa. Mwandishi wenu wa safu kaandika kwamba Marekani magazeti yako huru kwa sababu serikali haina hata senti yake mle ndani, na kwamba na sisi tungefanya hivyohivyo mambo yangenyooka. La serikali simbishii. Ila nilipomaliza kusoma nikajiuliza, haya, serikali haimo, sasa aliyemo ni nani? Maana gazeti halijichapi lenyewe.

Mimi ni mtu wa Tanga, Ngamiani, baba yangu alikuwa anauza magazeti pale stendi, na kitu cha kwanza nilichojifunza kuhusu gazeti ni kwamba likibaki jioni hiyo ni hasara, kesho yake linakwenda kwa mama wa vitumbua na muuza karanga, wanafungia. Baba alikuwa akiyahesabu yaliyobaki kimyakimya kama mtu anayehesabu madeni yake, na siku hiyo ukimwomba hela ya daftari unaambiwa kesho. Kwa hiyo nilipofika huku nikapata kazi ya kusambaza magazeti alfajiri, nilikuja na akili ileile ya stendi, kwamba gazeti ni biashara, lisiponunuliwa linakufa.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi, saa nane usiku uko godauni, nje theluji, ndani kuna hita moja tu na kila mtu anaisogelea, unakunja gazeti, unatia kwenye mfuko wa plastiki, unapakia gari lako mwenyewe mpaka siti ya mbele haionekani, halafu unapita mitaa ya watu waliolala unarusha barazani. Njia yangu ilikuwa na magazeti mawili, Post-Gazette ambalo ni la siku nyingi, na Tribune-Review. Meza ya kukunjia nilikuwa na mzee mmoja Mmarekani, keshaikunja hii mikaratasi toka ujana wake mpaka vidole vimekuwa vyeusi vya kudumu. Usiku mmoja nikamwuliza, mzee, hili Tribune kwenye njia yangu wanalichukua wachache, matangazo ya kuhesabu, mbona linatoka kila siku tena nene, hawa wanakulaje? Yule mzee alicheka mpaka akakohoa. Akanambia, mwenye hili hana shida wewe ulinunue, shida yake ni lichapwe.

Nikaenda kulala na hilo neno, na ndo limenifanya niandike leo.

Mwenye gazeti alikuwa anaitwa Richard Mellon Scaife. Alizaliwa hapahapa Pittsburgh mwaka 1932 na akafa tarehe 4 Julai 2014, siku moja tu baada ya kutimiza miaka 82. Hilo jina la katikati, Mellon, ndo lenye mzigo wote. Ukoo wa Mellon ndo ulikuwa na benki ya Mellon, ukawa na mkono kwenye mafuta ya Gulf, kwenye aluminiamu ya Alcoa, na baba mkubwa wa mama yake, Andrew Mellon, alikuwa waziri wa fedha wa Marekani kuanzia 1921 mpaka 1932, chini ya marais watatu. Mwaka 1957 jarida la Fortune lilipoorodhesha matajiri wakubwa wa nchi hii, kwenye wale wanane wa juu kabisa wanne walikuwa wa ukoo huo, mmoja wao mama yake Scaife, Bi Sarah. Kwa hiyo jamaa hakutafuta hela. Hela ilimtangulia duniani ikamsubiri kitandani. Chuo cha Yale kilimfukuza kwa ulevi na fujo, akaja kumalizia chuo kikuu cha hapa Pittsburgh ambako baba yake alikuwa mwenyekiti wa bodi, mambo yakaisha.

Sasa sikiliza hii ya kodi maana ndo ufunguo. Mama yake aliweka mali kwenye mfuko wa amana kwa ajili ya watoto, na sharti la sheria lilikuwa kwamba kwa miaka 20 faida yote ya ule mfuko igawiwe kwa mambo ya hisani, halafu miaka 20 ikiisha mtaji wenyewe unakuja kwa watoto bila kukatwa kodi ya urithi. Yaani tajiri anaambiwa, ukitoa sadaka kwa kipindi fulani tunakuachia mzigo wote mzima. Basi ikabidi atoe, kila mwaka, mamilioni, apende asipende. Mwenyewe kwenye kumbukumbu alizoandika uzeeni alisema kwa kejeli kwamba inapendeza kweli jinsi sheria za kodi zinavyotungwa. Na hapo ndo ujanja ulipo, kwa sababu hiyo hisani haikuandikwa kwamba lazima iwe uji wa yatima.

Kwetu pwani tukisema wakfu, mtu anaona kisima, anaona msikiti, anaona shamba la minazi ambalo mapato yake ni ya madrasa. Huku nako wakfu wa aina hiyo upo, na haki ya mtu mpe, hela ya wakfu wa Bi Sarah ndo iliyosaidia kuweka vifaa kwenye maabara ya Jonas Salk hapa chuo kikuu cha Pittsburgh, yule daktari aliyetoa chanjo ya kwanza ya polio ya sindano, na jumba la makumbusho la sanaa hapa mjini lina ukumbi wa jina la huyo mama mpaka leo, nimeingia na wanangu. Lakini kijana alipoanza kushika usukani, baada ya mama kufariki mwaka 1965, wakfu ukageuka njia. Hela ikaanza kwenda kwenye fikra. Kuna watu wanalipwa mshahara mnono wakae ofisini Washington waandike kwa nini kodi ipunguzwe, kwa nini vyama vya wafanyakazi vibanwe, kwa nini serikali isiguse biashara, halafu karatasi zao zinapelekwa kwa wabunge na kwa wahariri zikiwa zimevaa koti la utafiti. Na kwa sheria ya hapa hiyo ni elimu, ni hisani, tena unapata punguzo la kodi. Ukimpa mgombea hela hupati punguzo lolote, ila ukimlipa mtu wa kumwandikia mgombea cha kusema, unalo.

Hilo la wagombea alilijaribu kwanza. Mwaka 1972 alimpa rais Nixon dola 990,000, na kwa sababu kulikuwa na kodi ya zawadi ukizidisha dola 3,000 kwa mpokeaji mmoja, akaandika hundi 330, kila moja ya dola 3,000 kamili, kwa kamati 330 za jina jina tu. Hebu fikiria hicho kitabu cha hundi, mkono unauma. Halafu kashfa ya Watergate, ile ya watu wa Nixon kuvamia ofisi za wapinzani wake, ikalipuka, Nixon akamwangusha, na mwaka 1974 gazeti lake mwenyewe Scaife, ambalo alikuwa amelinunua kwenye mji mdogo wa Greensburg karibu na hapa mwaka 1970, likamgeuka Nixon. Mwaka huohuo bunge likaweka ukomo wa kumchangia mgombea. Mimi naona hapo ndo jamaa alipopata akili, kwamba mwanasiasa ni kama nyanya, leo mbichi kesho imeoza, ila taasisi inakaa.

Mwaka 1973 ilikuwa imeshaanzishwa Heritage Foundation, taasisi ya fikra za kihafidhina, pale Washington. Hela ya kwanza ilitoka kwa tajiri wa bia, Joseph Coors, dola 250,000, lakini muda si mrefu Scaife akampita mbali, mpaka watu wa mjini pale wakawa na msemo wao kwamba Coors anatoa pakiti ya chupa sita, Scaife anatoa makreti. Reagan alipochaguliwa, Heritage walikuwa wameshamwandalia kitabu cha zaidi ya kurasa 1,000 cha namna ya kuendesha serikali, wizara moja moja, na rais akawagawia mawaziri wake. Na kama jina hilo unalisikia sikia tena siku hizi ndo haohao, ule mpango wa kihafidhina wa kuendesha serikali, Project 2025, uliotoka mwaka 2023 wameutoa wao. Miaka 50, Mhariri. Hakuna mgombea anayedumu miaka 50.

Gazeti la Washington Post mwaka 1999 lilikaa likapiga hesabu ya alichotoa kwa mambo ya mrengo wa kulia toka alipoanza, wakapata angalau dola milioni 340. Waandishi walifanya kazi, maana yeye mwenyewe alikuwa haongei na waandishi. Mmiliki wa gazeti, hataki kuulizwa na magazeti!

Ila kuna mmoja alimuuliza, na hapa nataka msomaji wa Nairobi asogeze kiti. Mwaka 1981 mwandishi mmoja mwanamke, Karen Rothmyer, alikuwa anaandaa makala ya jarida la uandishi wa habari la chuo kikuu cha Columbia kuhusu hizi hela za Scaife, kaomba mahojiano weeh, kimya. Akamvizia Boston, nje ya klabu ya wakubwa, jamaa katoka zake mkutanoni, mama akamsogelea akamwuliza kistaarabu tu kwa nini anatoa hela nyingi hivi kwa taasisi za kihafidhina. Jibu alilopewa siwezi kuliandika na wewe huwezi kulichapa, lilikuwa na tusi la ukomunisti na tusi lingine la maumbile ya mwanamke, yote kwenye sentensi moja, na hakuishia hapo, akamwambia ni mbaya wa sura na meno yake mabovu. Mama kaendelea kuuliza mpaka jamaa kaondoka. Makala ikatoka. Huyo mama, miaka mingi baadaye, ndo alikuja kufanya kazi Nairobi kwenye gazeti la The Star, kwenye kiti cha mhariri anayesikiliza malalamiko ya wasomaji. Kwa hiyo wenzetu wa Kenya walikuwa na mtu hapohapo mjini ambaye alimwona huyo tajiri uso kwa uso na kusikia mdomo wake, na wangapi walijua?

Na alikuwa anamiliki vyombo vingine kwa mlango wa nyuma. Kulikuwa na shirika London linaitwa Forum World Features, lilikuwa linauzia makala magazeti ya nchi mbalimbali duniani, Scaife akalishika mwaka 1973, kumbe lilikuwa limeanzishwa kama mlango wa CIA, shirika la ujasusi la Marekani, likafungwa mwaka 1975 siri ilipokaribia kumwagika. Mhariri wa gazeti fulani ananunua makala kwa bei poa, anaona kapata stori ya kimataifa, hajui inakotoka. Nikifikiria magazeti ya enzi zile yaliyokuwa yakifungia vitumbua pale stendi nacheka peke yangu, sina ushahidi kwamba hata moja lilifika Tanga, ila nacheka tu.

Halafu mwaka 1982 jenerali mmoja aliyepigana Vietnam, Westmoreland, aliishtaki televisheni ya CBS dola milioni 120 kwa kipindi walichomtangaza. Jenerali na pensheni yake, mawakili wa kesi kama hiyo atawalipa na nini? Mlipaji mkubwa alikuwa Scaife kupitia taasisi ya sheria. Kesi ikafutwa na jenerali mwenyewe mwaka 1985 kabla ya hukumu, lakini CBS walishatokwa jasho. Hapa nadhani mwandishi wenu wa safu angepaswa kukaa kidogo. Serikali haikuwafungia CBS. Hakuna polisi aliyekuja kuchukua kamera. Ni mtu tu kalipia kesi ya mtu mwingine, kihalali kabisa.

Tuje kwa rais Bill Clinton, hii ndo watu wengi wanamjulia. Julai 1993 naibu wakili wa ikulu, Vince Foster, rafiki wa akina Clinton toka Arkansas, alikutwa amekufa kwenye bustani nje ya Washington. Uchunguzi ulifanyika mmoja, wa pili, wa tatu, mpaka mwendesha mashtaka maalum Kenneth Starr mwenyewe ambaye hakuwa rafiki wa Clinton hata kidogo akasema mwaka 1997 kwamba marehemu alijiua. Lakini Tribune-Review lilikuwa na mwandishi wake, Christopher Ruddy, kazi yake kuandika kwamba hapana, kuna kitu kimefichwa. Jumatatu swali, Jumatano swali, Jumapili swali lilelile limebadilishwa shati. Wakati huohuo hela ya wakfu wa Scaife, takriban dola milioni 2, ilikuwa inakwenda kwenye jarida la American Spectator kwa mradi wa kuchimba maisha ya Clinton kule Arkansas, wapelelezi, mawakili, nauli, wenyewe wakauita Mradi wa Arkansas, ulianza 1993 mpaka 1997. Sasa usinielewe vibaya, kilichomponza Clinton ni Clinton, aliapa akadanganya kuhusu yule binti wa ikulu, Monica Lewinsky, bunge likamshtaki Desemba 1998 na seneti ikamwachia Februari 1999, hakuna tajiri aliyemsukumia maneno mdomoni. Mkewe Hillary aliposimama kwenye televisheni Januari 1998 akasema yote ni njama kubwa ya mrengo wa kulia, alikuwa anasema kweli nusu na nusu anamfunika mume, kama mke yeyote mtaani angefanya.

Lakini angalia kilichowapata American Spectator, maana hapo ndo utaona mkono. Huyo Ruddy alitoa kitabu chake kuhusu kifo cha Foster, na lile jarida, lililokuwa likila hela ya Scaife miaka yote, likachapa uhakiki wa kukiponda, wakasema hoja hazisimami. Kwa kweli walifanya kazi ya uandishi siku hiyo. Scaife akapiga simu, hela ikakatwa. Hakuwafungulia kesi wala hakumfukuza mtu kazi, kafunga bomba tu. Baba yangu stendi alikuwa anaogopa mvua isiharibu magazeti, wale wenzake wasomi wa Washington walikuwa wanaogopa simu moja.

Ruddy naye hakulala njaa, mwaka 1998 akaanzisha Newsmax, na Scaife akaweka hela humo pia. Ipo mpaka leo, televisheni na kila kitu.

Halafu huyu mtu alikuwa na vituko, ukidhani umemshika anateleza. Mwaka 2007 alikula chakula cha mchana na Bill Clinton, yuleyule, akachangia na wakfu wa Clinton. Mwaka 2008 Hillary akiwa anagombea tiketi ya chama chake alikuja hapa kuzungumza na wahariri wa Tribune-Review, Scaife mwenyewe akiwa mezani, na baada ya hapo akaandika kwamba amebadili mawazo juu ya huyu mama, gazeti likampigia debe kwenye kura za mchujo za Pennsylvania! Nilikuwa narusha hayo magazeti. Kuna mteja wangu mmoja, mhafidhina mpaka mbwa wake mhafidhina, alilikuta barazani asubuhi akalishika kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota panya.

Nikitaja mbwa, talaka yake ilikuwa burudani ya mji mzima. Mke wa pili walitengana wakagombania mpaka mbwa, jina lake Beauregard, na Scaife akaweka kibao kwenye bustani mbele ya nyumba kwamba mke na mbwa wamepotea, atakayempata mbwa atapewa zawadi. Nacheka lakini nyaraka za ile talaka ndo zilizofichua nilichokuwa nauliza pale meza ya kukunjia. Gazeti lilikuwa linakula hasara mamilioni ya dola kila mwaka na yeye anajaza. Baada ya kufa kwake watoto wake wawili walikwenda mahakamani wakadai kwamba mfuko ambao bibi yao aliuanzisha mwaka 1935 umekaushwa, dola milioni 450 wanavyodai wao, sehemu kubwa imeingia kwenye magazeti. Milioni 450! Yule mzee wa godauni hakuwa ameona nyaraka yoyote na alijua.

Wiki chache kabla hajafa aliwaaga wasomaji kwenye gazeti lake, akaandika kwamba ana saratani isiyotibika, na kwamba najua wapo wasionipenda watakaofurahi, ila mimi bila shaka siwezi kushangilia pamoja nao. Nikampa heshima kwa hilo, mtu anakufa na bado ana utani.

Novemba 2016, tarehe 30, Tribune-Review likaacha kuchapa toleo la karatasi la Pittsburgh, likabaki kwenye mtandao na matoleo ya miji ya jirani. Miaka 2 na miezi toka mlipaji azikwe. Mimi nilikuwa nimeshahamia kazi nyingine, nilisikia kwenye redio nikiwa kwenye gari, na nilimkumbuka baba na hesabu zake za jioni.

Sasa usiseme ni ya huyo mmoja na imekwisha. Sheldon Adelson, aliyekuwa mwenye makasino ya Las Vegas, yeye na mkewe walimwaga kama dola milioni 20 kumsaidia Newt Gingrich kuwania urais mwaka 2012, hakushinda hata tiketi ya chama, na hiyo iliwezekana kwa sababu mahakama ya juu kabisa ya nchi mwaka 2010 ilifungulia milango, mtu anatumia anavyotaka ili mradi hampi mgombea mkononi. Desemba 2015 gazeti kubwa la Las Vegas likauzwa kwa dola milioni 140 na waandishi wenyewe hawakuambiwa bosi mpya ni nani, ikabidi wamchunguze mmiliki wao kama wanavyochunguza wezi, wakamkuta ni Adelson. Robert Mercer, tajiri wa hesabu za masoko ya hisa, ndo aliyeweka hela kwenye tovuti ya habari ya Breitbart na kampuni ya takwimu za wapiga kura, Cambridge Analytica, na hiyo ya pili Wakenya hawahitaji kuelezwa, mabosi wake walinaswa na kamera ya siri ya Channel 4 ya Uingereza mwaka 2018 wakijitapa walivyoendesha kampeni za Kenya za 2013 na 2017. Chama cha Jubilee kilisema ni mambo ya chapa na nembo tu. Haya.

Na ukoo wa Mellon wenyewe bado upo uwanjani. Timothy Mellon, mjukuu wa yule waziri wa fedha, binamu wa mbali wa Scaife, anaishi kimya kule Wyoming, Mei 2024 siku moja tu baada ya mahakama ya New York kumkuta Trump na hatia alitoa dola milioni 50 kwa kamati inayompigia debe, hundi moja. Babu na mjukuu, mmoja alisimamia hazina ya nchi, na mwingine Oktoba 2025, serikali ilipofungwa kwa kukosa bajeti, New York Times wakamtaja kuwa ndo yule mtu asiyejulikana aliyetoa dola milioni 130 ili wanajeshi walipwe mishahara. Ukigawanya kwa wanajeshi wote kila mmoja anapata kama dola 100. Nilimsomea mke wangu hiyo habari akasema, kwa hiyo jeshi la Marekani limechangiwa kama harusi?

Kuna watakaosema mbona na upande wa pili wana matajiri wao, tajiri George Soros yupo, na Jeff Bezos wa Amazon alinunua Washington Post mwaka 2013 kwa dola milioni 250. Kweli kabisa, na mwaka 2024 Bezos huyo akazuia gazeti lisitoe tahariri ya kumuunga mkono mgombea urais Kamala Harris, wasomaji wakakimbia kwa maelfu. Sibagui kulia na kushoto, nimemchagua Scaife kwa sababu gazeti lake nililibeba mimi, lilinichafua vidole.

Ndiyo maana nasema mwandishi wenu kauliza swali nusu. Kauliza nani anaweza kulifungia gazeti. Angeuliza pia nani anaweza kulilipia lisipouzwa, mwaka hadi mwaka, bila kuguna. Maana gazeti la baba lilikuwa linamwogopa mnunuzi, lisipompa cha maana halinunui, na lile nililokuwa narusha mimi halikuwa na sababu ya kumwogopa mtu yeyote barazani mle.

Na hapa Mhariri naomba nikuulize na wewe, kwa nia njema kabisa, hili gazeti lenu tunalolipenda, mwezi ambao halikuuza, hasara inalipwa na nani? Mkiandika mistari mitatu tu chini ya barua hii mtakuwa mmenijibu. Na kama nafasi ni ndogo kateni mnapotaka, ila mbwa muacheni.

Wako,
Mrusha Magazeti,
Pittsburgh, Pennsylvania (zamani Ngamiani, Tanga)